Chumba Kilicho Nje ya Agano

Nyumba ile ya Al Qusais, hapa Dubai, niliichukia tangu mlangoni. Viatu vilikuwa vimepangwa kwa vyeo. Rafu ya juu ilikuwa ya dada waliothibitishwa, rafu ya chini ya waliokuwa wakingoja kuthibitishwa, na pembeni kabisa, sakafuni, zilikaa raba nyeusi za mlinzi, peke yake, zimetazama ukuta.

"Ingia tu, dada," Annah akaniambia. "Viatu vyako weka na vyangu. Ukiweka juu watapiga kura."

Nilidhani ananitania.

Annah Kavetsa ni mlinzi katika jengo la ofisi kule Jumeirah Lake Towers. Anasimama nyuma ya meza ya mapokezi, anawafungulia geti waliosahau kadi zao, anasema "Morning, sir, morning, madam" kwa watu wanaotazama simu. Nilikuwa napita hapo kila asubuhi nikifuata kahawa, tukaanza kusalimiana kwa Kiswahili, na Kiswahili kikaleta mengine. Ni mwanamke mpana, mpole wa kusema, anayecheka baada ya wenzake, kama vile mzaha nao lazima kwanza uonyeshe kitambulisho. Wiki ile hakuwa akicheka kabisa. Wenzake wa nyumbani walikuwa wamemwambia ale kiapo cha nyumba kabla mwezi haujaisha, la sivyo aache kitanda.

Kwa mtu aliyelala kwake, kitanda ni kitu kidogo. Annah anatoka Al Qusais kwa reli ya kijani, anabadili pale Union, anashuka kazini kabla jua halijakuwa kali. Akisukumwa mbali na reli atachelewa. Mlinzi anayechelewa huondolewa kwenye jengo, na anayeondolewa kwenye jengo hukatiwa tikiti ya kurudi Nairobi. Na kitanda cha mwanamke karibu na stesheni hakipatikani kwa kuomba. Chake alikipata kwa sababu aliyekuwa nacho aliolewa.

Aliyetaka kumtoa anaitwa Roselyne. Ni msimamizi wa wasafisha vyumba katika hoteli moja ya Dubai Marina. Kabla ya hapo alifundisha Historia na Serikali katika shule ya wasichana karibu na Kitale, na hata leo anasimama kama mtu aliyeshika chaki. Nyumba nzima inamwita Mwalimu. Sikumpenda, naye hakujisumbua kunipenda.

Lakini nimpe haki yake. Kabla hajaja, flati ile ilikuwa uwanja wa vita. Wanawake wa Kenya wamejazana, vitanda viwili viwili juu kwa chini, choo kimoja kinachofanya kazi. Nyama ilitoka kwenye friji ikiwa mbichi na haikuonekana tena imepikwa. Mmoja alijifungia bafuni akalala humo kwa sababu vigae vilikuwa na ubaridi. Wawili waligombea rimoti ya eisii, hicho kiyoyozi cha sebuleni, mpaka mmoja akamng'ata mwenzake mkono. Arbab, yule bwana aliyekodi flati nzima kisha akawakodishia wao vitanda, alipigiwa simu akajibu, "Nyinyi nchi moja, dini moja. Malizaneni wenyewe. Khalas."

Hapo ndipo Roselyne alipowakusanya sebuleni akawapa somo ambalo wasichana wa Kitale walilisikia wakisinzia. Aliwasimulia habari za meli iliyovuka Atlantiki mwaka 1620 ikiwa na Waingereza waliojitenga na kanisa la mfalme wao. Meli ilifika kaskazini kuliko mahali ambapo hati yao iliwaruhusu kukaa. Baadhi ya abiria, ambao hawakuwa wa kanisa lile, wakaanza kunong'ona kwamba hati haifiki huku, basi hakuna wa kutuamuru. Kabla ya kushuka kujenga makazi, wanaume wakatia sahihi mapatano: mbele za Mungu na mbele ya wenzao, wanajifunga kuwa jamii moja yenye serikali, watunge sheria, wazitii. Hawakuyatoa hewani. Kanisa lao lenyewe lilisimama hivyo hivyo. Kwao kanisa halikuwa mtaa unaozaliwa ndani yake ukiwa chini ya askofu. Lilikuwa waumini wanaoahidiana wao kwa wao na kumwahidi Mungu. Walilolizoea kanisani wakalipeleka kwenye utawala.

"Na sisi je?" Roselyne akawauliza. "Hati ya arbab inaishia mlangoni. Huku ndani nani anatawala? Mwenye meno?"

Aliyeng'atwa akawa wa kwanza kuinua mkono na kuapa.

Agano likaandikwa, likabandikwa kwenye friji. Miezi ya mwanzo jiko lilimeremeta. Sufuria ikawa moja, chakula kimoja, zamu zikashikwa. Mmoja wao alipopasuliwa tumbo wenzake walipokezana kando ya kitanda chake hospitalini, na hakuna aliyeulizwa mara mbili. Kila mwaka walimchagua kiongozi upya, na Mwalimu mwenyewe aliwaambia wanaweza kumtoa. Hayo ni mema, na Waingereza wale waliyaacha pia Marekani: mikutano ya mji, uchaguzi wa kila mwaka, sheria iliyoandikwa ambayo hata gavana inamfunga. Wanaowasifu hawakosei.

Wanakosea wanaponyamazia yaliyofuata. Wapuritani, Waingereza wengine wa imani ya karibu na yao, walipofika kwa wingi Massachusetts, miaka kumi baada ya meli ile, ahadi iligeuka geti. Kuanzia mwaka 1631 hakuna aliyepiga kura katika koloni kama si mshiriki wa kanisa, na baadaye kanisa likataka kila anayeingia asimame aeleze jinsi Mungu alivyomwokoa, kisha waliotangulia waamue kama wamemwamini. Wengine wote walilazimika kuhudhuria, kulipa na kutii. Ukishasema kwamba serikali ni ridhaa ya walioahidiana, anayekataa kuahidi unamfanya nini? Amevunja nini? Hajavunja kitu. Amesimama tu hapo, na kusimama kwake kunawauma wenye kiapo kuliko wizi.

Al Qusais hawakuhitaji hata miaka kumi. Ushuhuda ukawa sharti. Dada aliyesimulia wokovu wake kwa machozi alithibitishwa, akapata kitanda cha chini karibu na dirisha. Aliyesimulia kwa ufupi alingoja. Roselyne alikumbuka kwamba wale wa Massachusetts waliwahi kupiga kura kwa nafaka, punje ya hindi kumchagua mtu, haragwe kumkataa, akafurahi kama mtoto, maana nafaka hizo hazikosekani kwenye jiko la Wakenya. Kura ikawa hivyo. Na kwa kuwa chakula hakitupwi, kila baada ya kikao kura ilimiminwa kwenye sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yakachemka pamoja, wakala uamuzi wao.

Palikuwa na mtu mmoja tu aliyewasumbua kichwa: Bi Kijakazi. Huyu ni mwanamke wa Malindi, mtu mzima, fundi wa kurekebisha mabuibui katika duka moja la Deira. Alikuwa ndani ya flati ile kabla yao wote. Ndiye aliyewaonyesha duka la unga, ndiye aliyewafundisha namna ya kumsema arbab mpaka alete fundi wa bomba. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko, kile ambacho majengo ya hapa humwekea mfanyakazi wa ndani. Kwa kuwa ni Mwislamu, hangeingia agano la kanisa, na arbab hangekubali mpangaji wake wa zamani afukuzwe. Wale wa meli nao walikuta wenyeji, wakafundishwa nao kupanda mahindi, na wenyeji wale hawakuwekewa kiti penye serikali. Roselyne akaandika kifungu cha mwisho: chumba cha nyuma ya jiko kiko nje ya Agano; hakina sauti ndani ya Agano, na Agano halina sauti ndani yake. Wakapiga makofi.

Bi Kijakazi aliposomewa alisema, "Alhamdulillahi. Sasa niondokeeni hapo mlangoni, mwanizibia upepo."

Katika nyumba hiyo ndimo alimoingia Annah na sanduku lake.

Annah ni wa Vihiga, amelelewa katika Kanisa la Marafiki, hao ambao nje huitwa Wakwekeri. Marafiki hawaapi. Kwao neno la mtu ni moja, liwe la mahakamani au la jikoni, na anayeongeza kiapo juu yake anakiri kwamba bila kiapo angedanganya. Annah alikuwa bado anakaa kwa wazazi, jirani alipowashtaki kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mama yake akaitwa kutoa ushahidi, karani akamwambia aape, mama akasema, "Mimi nasema ukweli tu." Watu mahakamani wakacheka. Hakimu, aliyejua sheria, akamruhusu athibitishe bila kuapa. Mama akaeleza kila jiwe la mpaka liko wapi, hata lile lililoonyesha kwamba jirani ana haki. Walipoteza kipande cha shamba. Jioni yake Annah, aliyekuwa ameanza kazi ya kuchuma chai, alimfokea mama yake mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa akisonga ugali tu.

"Nilimwona mjinga," Annah aliniambia. "Sasa niko Dubai na ujinga ni ule ule."

Kikao chake kilifanyika Jumapili jioni, nami niliruhusiwa kuketi karibu na mlango, kusikiliza bila kusema. Roselyne alisimama mbele ya runinga iliyozimwa.

"Dada Annah, hatuna ugomvi na wewe."

"Basi twendeni tukalale," Annah akasema.

Wawili watatu wakacheka, wakajiziba midomo.

"Vyombo unaosha?"

"Naosha."

"Zamu ya choo unashika?"

"Hata za wengine, na wanajijua."

"Kwa hiyo unatii kila kitu. Kimebaki kuinua mkono na kuapa. Shida iko wapi?"

"Mwalimu, nikikuambia nitaosha, nitaosha. Nikikuapia, ni kama zile siku zingine zote nilikuwa nakudanganya."

"Kila serikali ina kiapo. Hata kazini kwako uliingia kwa kiapo."

"Kazini nilitia sahihi. Hakuna mtu aliniambia nimwite Mungu awe mdhamini wa choo."

Hapo wakacheka kweli, na kicheko hicho kilimponza. Mwanamke mmoja wa kitanda cha dirishani akasimama. "Huyu anajifanya mtakatifu kuliko sisi! Sisi tuliapa, tukalia hapa kama watoto. Tulikuwa wajinga?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Si uape tu, sis," mwingine akalalamika. "Mimi niko na shift ya asubuhi."

Roselyne akainua kiganja, darasa likatulia. Alisema kuna njia ya katikati, iliyowahi kutumika Massachusetts mwaka 1662, watoto wa wale wa kwanza walipokosa ushuhuda wa kusimulia: agano la nusu. Annah angebaki na kitanda. Hangepiga kura, hangekula kwenye sufuria, hangesema vikaoni.

"Na hiyo nusu naiingia vipi?" Annah akauliza.

"Kwa kiapo kifupi."

Safari hii aliyecheka ni Annah mwenyewe, peke yake, cheko refu la chini kwa chini. Nilimwona Roselyne akibadilika uso. Alimsogelea.

"Unajua Boston waliwafanya nini watu wako?"

"Walifanya nini?"

"Waliwafukuza. Wakarudi. Wakawanyonga, wanne, mmoja mwanamke."

Alisema kweli, mambo hayo yalitokea, kati ya mwaka 1659 na 1661. Aliyasema kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Sebule ikapoa.

"Na wewe utaninyonga na nini, Mwalimu?" Annah akasema. "Kamba ya kuanikia nguo? Ile ilikatika jana."

"Sisi hatunyongi. Sisi tunapiga kura."

"Sawa. Lakini kabla ya kura naomba tunyamaze kidogo. Kwetu hatupigi kura. Tunanyamaza, mpaka tujue."

Roselyne hakupata sababu ya kukataa sala. Wakanyamaza. Eisii ilinguruma. Ndege ikapita chini chini ikielekea kutua. Kimya kilianza kwa adabu, kisha kikazidi kiasi, kikaingia mahali ambapo nyimbo zao hazikuwa zikifika. Msichana mmoja wa rafu ya chini ya viatu akaanza kutokwa na machozi bila sauti. Mwingine akamtazama, akainamisha kichwa.

"Imetosha," Roselyne akasema, akapitisha bakuli.

Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Mahindi yalionekana mojamoja, maharagwe yaliyafunika. Roselyne akatangaza, akaimimina kura kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota, na chakula kilipoiva akampakulia Annah wa kwanza.

"Kula. Hakuna chuki."

"Chuki iko, Mwalimu," Annah akasema. "Imeiva hata."

Akaiacha sahani, akaenda jikoni kuchukua kikombe chake. Nilimfuata. Bi Kijakazi alikuwa mlangoni pa chumba chake, kanga begani, sindano kati ya midomo. Akaitoa.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa, Bi Kijakazi."

"Wamekutoa wapi, hebu nambie vizuri."

"Kwa Agano."

"Haya. Basi ingia huku, mwanangu. Huku hakuna kura."

Roselyne alikuwa amefika nyuma yetu. "Bi Kijakazi, uamuzi umepita. Anaondoka nyumbani."

"Nyumbani kwenu ataondoka, ndiyo. Hiki changu hakimo nyumbani kwenu. Si wewe uloandika? Nenda kasome friji yako."

Na Mwalimu akaenda. Alisimama mbele ya friji akakisoma kifungu chake mwenyewe, midomo ikicheza. Aliporudi sauti ilikuwa ya darasani.

"Kifungu tunaweza kukibadilisha."

"Kibadilisheni. Kichukueni chumba kiwe ndani. Ila kikiwa ndani, nami nitakuwa na sauti humo, eti? Nitakuja kikaoni na mahindi yangu."

Dada mmoja aliyekuwa amemfuata Roselyne hadi jikoni akaguna. Sijui alikuwa akiguna kwa nani. Roselyne alitazama chumba kile, godoro moja, cherehani, msala uliokunjwa, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona. Halafu akageuka akaenda kula.

Annah aliweka godoro lake sakafuni, kando ya kitanda cha Bi Kijakazi. Chumba ni chembamba mno. Wote wawili wakiwa ndani, mlango haufungiki. Arbab aliambiwa, akauliza tu kama mtu ni yule yule, akasema inshallah, akakata simu. Reli ikabaki pale pale, kazi ikabaki.

Msidhani kulikuwa na amani. Agano lilipitisha kifungu cha kukataza kumsalimu. Raba zake zilihamishwa nje kwenye ukumbi wa ngazi, na siku moja akazikuta zimelowa. Akiingia jikoni waliokuwemo walitoka, au walizungumza juu ya kichwa chake kuhusu watu wasio na shukrani. Bi Kijakazi naye hakuwa malaika. Alikoroma, alilalamikia taa, alimwambia Annah ananuka soksi. Lakini zamu ya choo, ile ambayo jina lake lilikuwa limeshafutwa, Annah aliendelea kuishika. Alikuwa amesema ataosha. Naamini hilo liliwachoma kuliko jambo lolote. Mwanamke wa kitanda cha dirishani alimfungia mlango wa choo asiingie na ndoo, naye akangoja nje na ndoo yake mpaka mwenzake alipochoka kukaa humo.

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa tena Jumapili. Sebuleni wateule walikuwa kwenye kikao chao, wakiimba kwa sauti ya kubana kwa ajili ya majirani waliolala baada ya zamu za usiku. Nyuma ya jiko Bi Kijakazi alikuwa amemaliza sala, ameketi juu ya msala akivuta tasbihi. Annah alikuwa kwenye godoro lake, macho yamefumbwa, mikono mapajani, akifanya lile ambalo kwao ndilo ibada. Mlango wao, kama kawaida, ulikuwa wazi.

Kati ya sehemu hizo mbili kuna jiko, na jiko lina mlango wake unaoelekea sebuleni. Kwenye kizingiti cha mlango huo aliketi yule msichana aliyelia siku ya kura. Miguu yake ilikuwa jikoni, mgongo sebuleni. Haimbi, haombi, amekaa tu. Punde mwingine akaja akasimama nyuma yake, amejiegemeza kwenye fremu, kama aliyekuja kutafuta maji akayasahau.

Wimbo ukapungua sauti moja, kisha nyingine. Roselyne akatokea.

"Annah, fungeni huo mlango wenu."

"Haufungiki, Mwalimu. Unajua."

"Huo ukimya wenu unatusumbua."

Bi Kijakazi akacheka puani bila kuacha tasbihi. Annah hakufumbua macho.

"Jiko ni lenu," akasema. "Funga mlango wa jiko."

Roselyne akashika kitasa akavuta. Ubao ukafika begani kwa msichana aliyeketi kizingitini, ukakwama hapo. Akamwambia asogee. Akamwambia tena, safari hii kwa jina lake na kwa jina la Agano. Msichana akautazama mkono uliokuwa kwenye kitasa, akajiweka vizuri zaidi pale pale alipokuwa ameketi.